Barua ya wazi kwa viongozi wa Mkoa wa Tanga: na anayeuguza mwandikeni

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, Mganga Mkuu wa Mkoa, wakurugenzi na waganga wakuu wa halmashauri zetu zote 11, waheshimiwa madiwani, na waheshimiwa wabunge wa mkoa huu.

YAH: MTU ANAYEUGUZA

Shikamooni wakubwa zangu. Kwa walio rika langu, habari za kazi.

Barua za serikali huanza na maneno "husika na kichwa cha habari hapo juu". Kichwa hicho kinanihusu mwaka wa tisa sasa. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, nina miaka 49, na katika nyumba moja ya vyumba vitatu nimeuguza watu wawili. Mama yangu aliugua saratani ya mlango wa kizazi. Mdogo wangu anaugua akili; kwenye daftari lake la kliniki wameandika skizofrenia. Mama alitutoka mwaka juzi, Mungu amrehemu. Mdogo wangu yupo, na saa hii ninapoandika yuko ukumbini anachagua mchele, kazi anayoiweza kuliko mtu yeyote nyumbani kwetu, maana hana haraka.

Sikuja kulaumu hospitali fulani wala mtu fulani. Madaktari na wauguzi wengi nimewaona wakifanya kazi ya watu watatu. Naandika kwa sababu yuko mtu ambaye huduma zenu zote zimemwegemea, na hakuna karatasi yenu hata moja yenye nafasi ya jina lake.

Lugha yetu ilimjua zamani. Kuna kuugua na kuna kuuguza. Anayeugua ni mgonjwa. Anayeuguza ni yule anayemgeuza mgonjwa ubavu usiku, anayefua mashuka, anayekumbuka kwamba kidonge cheupe ni cha asubuhi na cha njano ni cha kulalia. Muuguzi wa sare naye katoka katika neno hilohilo, ila yeye ana zamu, ikiisha anakwenda kwake. Anayeuguza kwake ndiko kazini. Yule mama mnayemkuta alfajiri kalala juu ya khanga nje ya wodi, beseni kalifanya mto, chupa ya uji kaikumbatia isiibwe, mlinzi akimfukuza anazunguka upande wa pili wa ukuta, huyo ndiye. Mwondoeni yeye siku mbili muone kama wodi italiwa chakula, na kama kuna atakayeogeshwa.

Tofauti ya magonjwa yangu mawili niliijua kwa kuhesabu mabakuli.

Mama alipolazwa, mlango wetu haukufungwa. Majirani walileta uji wa pilipili manga, supu ya pweza, mikate ya kumimina, hata mabakuli yakajaa kabatini nisijue lipi la nani. Msikitini aliombewa dua kwa jina lake na la baba yake. Kinamama wa mtaa wakachanga wakatuletea 186,000 kwenye bahasha. Miaka minne kabla ya hapo mdogo wangu alilazwa wiki tatu. Halikuja bakuli hata moja. Walioniuliza waliniuliza kwa kunong'ona, "Yule kijana wenu kasafiri?" Nami nikawajibu ndiyo, yuko Handeni kwa shangazi. Niliisema sana hiyo ya Handeni, mpaka shangazi mwenyewe akaanza kupigiwa simu kuulizwa hali ya mgeni wake.

Aibu hiyo ni yetu raia, siwabebeshi nyie. Lakini na nyie mna mabakuli yenu.

Kwa mama nilikalishwa kitini. Muuguzi mmoja alichukua kalamu akanichorea mfuko wa uzazi nyuma ya fomu, akanionyesha uvimbe ulipo na umefika wapi, akaniambia mionzi itamfanyaje: ataharisha, atachoka, ngozi itawaka, ale hiki, aache kile, na ukiona hiki usisubiri. Nikatoka pale nimeuelewa ugonjwa wa mama kuliko ninavyozielewa baiskeli za Kichina. Kwa mdogo wangu nilipewa vidonge kwenye bahasha ya kaki. "Anywe asubuhi na jioni, mrudi tarehe 23." Dakika nne, pamoja na kuandika.

Siku ya tatu ya vidonge vile shingo yake ikapinda kushoto ikakaza hapo. Macho yakapanda juu yakabaki huko. Taya likafunga, mate yakawa yanamtoka. Alikuwa anatusikia na kutuona, ila hawezi kusema. Mke wangu akapiga ukelele, watu wakajaa uani, bibi mmoja akasema sasa pepo kajidhihirisha mwenyewe. Na mimi, mtu niliyemaliza kidato cha nne, nikaamini. Vidonge nikavitupa chooni usiku uleule.

Ilinichukua miezi saba kujua kilichotokea, na nilijua kwa bahati. Muuguzi mmoja mstaafu aliniletea baiskeli ya mjukuu wake niitie frii mpya. Tukazungumza, nikamsimulia. Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka alipoona sura yangu. Akaniambia dawa aliyopewa mdogo wangu, haloperidoli, yaweza kukaza misuli ya shingo, macho na taya, hasa siku za mwanzo, na hasa kwa vijana wa kiume. Kuitazama inatisha. Lakini inatibika: kuna sindano ya kuilegeza, kuna na vidonge, benzheksoli ni mojawapo, na mgonjwa akichomwa hulegea upesi ukashangaa. Alinieleza hayo akiwa amekaa kwenye kigoda changu, pampu yangu kaishika mkononi, na alimaliza kabla sijamaliza kufunga ile frii. Sentensi mbili tatu. Kwa kuzikosa sentensi hizo mdogo wangu alikaa miezi saba bila dawa.

Mkiwa kwenye semina zenu huwa mnalalamika kwamba watu wa Tanga wanakimbilia kwa waganga wa kienyeji. Ni kweli, hata sisi tulikwenda, tena kabla ya hospitali. Tulikwenda kwa wawili. Jogoo mwekundu kaliwa, kitambaa cheusi kimenunuliwa, pesa ya cherehani ya mke wangu ikaishia huko, na mgonjwa hakupona. Sirudi tena wala simshauri mtu aende. Hata hivyo nitawaambia nilichokiona, maana naona hakuna anayewaambia. Mganga wa kwanza alitukaribisha mkekani wote wanne: mgonjwa, mama, mke wangu na mimi. Akamuuliza mama uzazi wa mtoto huyu ulikuwaje. Akamuuliza mke wangu kama anamwogopa shemeji yake, na asiseme uongo. Halafu akanigeukia mimi, "Na wewe mwanangu, usingizi waupata?"

Nikashindwa kumjibu. Nililia mbele ya jogoo.

Kwenye kliniki ya mdogo wangu swali hilo sijapata kuulizwa hadi leo. Mnadhani tunakwenda kule kwa ujinga. Upo ujinga, sikatai. Lakini wengi wanaufuata ule mkeka. Aliyetutoa huko ni shekhe wetu wa mtaani, si mtaalamu wenu yeyote. Alisema kisomo atasomewa hapahapa nyumbani, tena bure, na hospitali apelekwe kesho asubuhi, kwa kuwa aliyeteremsha ugonjwa kateremsha na dawa yake.

Wala mkoa huu hauwezi kusema jambo hili ni geni. Kule Lutindi, juu milimani Korogwe, wamisionari wa Kijerumani walianza mwaka 1896 na makao ya watoto waliotoka utumwani, na mwaka 1904 wakayageuza kuwa mahali pa kuwatunzia wagonjwa wa akili. Hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, ilikuja baadaye. Lutindi ipo mpaka leo, chini ya Kanisa la Kilutheri. Zaidi ya miaka 120 watu wa Tanga tunajua kwamba huu ni ugonjwa, una wauguzi na una vitanda. Na bado mtu akichanganyikiwa usiku kwenye mtaa wa kawaida, kifaa cha kwanza kumfikia ni kamba.

Sisi wenyewe tumeitumia. Ilikuwa katika ile miezi saba. Saa nane usiku mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na panga, anawazuia watu aliokuwa akiwasikia yeye peke yake. Hakumgusa mtu. Kwa akili yake ya usiku ule alikuwa anatulinda sisi tuliolala. Nilipiga simu tatu. Ya kwanza haikupokelewa. Ya pili nikaambiwa gari la wagonjwa halimbebi mgonjwa wa aina hiyo mpaka polisi wawepo. Ya tatu ilikuwa ya polisi, nao walikuja, nawashukuru kwa hilo, ila walikuja baada ya saa nzima na vijana wa mtaa walikuwa wameshafika. Wakamfunga kwa kamba ya mkonge, mkonge huuhuu tunaojivunia. Alama ziko kwenye vifundo vya mikono yake mpaka leo. Ncha moja ya kamba ile niliishika mimi.

Naomba namba moja ya simu. Inayopokelewa usiku, na mtu anayejua kuzungumza na mgonjwa aliyechanganyikiwa na ndugu aliyechanganyikiwa zaidi. Huyo mtu asipoweza kuja, aniambie nisimame wapi, nimwambie nini, nizime taa au niache, niwatoe watoto au niwaache walale. Watu wa zimamoto wana namba. Sisi tunawashwa moto kichwani.

Kuna jambo jingine nitalisema upesi, bado linaniuma. Mwaka uliofuata mdogo wangu alijaribu kujitoa uhai. Pale mapokezi nilisema kaanguka. Nilimdanganya daktari aliyekuwa anataka kumwokoa, kwa sababu kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa, na ile kamba ilikuwa haijatoka kichwani mwangu. Daktari akatibu anguko. Akamrudisha nyumbani na dawa za maumivu. Mtu ambaye usiku ule alihitaji kuulizwa "umefikaje huku?" aliulizwa kama goti linamuuma. Ukivuka tu Horohoro, Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Waheshimiwa wabunge, hili si la Mganga Mkuu wa Mkoa, ni lenu. Kifungu kikiendelea kukaa, wagonjwa wa Tanga wataendelea kuanguka.

Niseme na la mama, maana ndilo lililonifumbua macho.

Matibabu yake yalikuwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kutoka hapa ni kilomita 350 na ushee, kupitia Segera na Chalinze. Mionzi ilikuwa wiki tano, Jumatatu hadi Ijumaa. Nilikuwa na CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, ile iliyokuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, na hapa mkoani ilinifaa, lakini Dar haikufika. Hata hivyo kilichonimaliza hakikuwa matibabu. Ni nauli, chakula, godoro la kulalia kwa binamu Mbagala, na kibanda changu kufungwa siku 40. Wateja wa baiskeli hawasubiri. Niliporudi fundi mwingine alikuwa ameshatandika turubai lake hatua kumi kutoka kwangu, na sikuweza hata kumchukia, naye ana watoto.

Mama hakuzaa binti. Alipolazwa siku kadhaa, wodi ya wanawake mwanamume haingii ila saa za kutazama wagonjwa, na ni haki kabisa. Mke wangu alibaki Tanga na mdogo wangu na watoto. Basi nikawa namlipa mama mmoja aliyekuwa akimuuguza dada yake kitanda cha pili, 3,000 kwa siku, amwogeshe mama yangu na kumbadilisha. Hakuna aliyeniuliza mama yako anaogeshwa na nani. Walijua tu kwamba anaogeshwa. Ndivyo ilivyo mahali pote: kazi yetu inaonekana ikifanyika, anayeifanya haonekani.

Miezi yake ya mwisho aliletwa nyumbani, na hapo ndipo nikakutana na watu wa tiba shufaa. Wapo wasiolijua neno hili. Ni tiba ya mtu ambaye ugonjwa wake hauponi tena, asiteseke. Wenzetu wa Muheza wanaifahamu, kule huduma hii ina miaka mingi. Mama alipewa mofini ya kunywa, ya maji, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akalala hadi adhana ya alfajiri. Yule muuguzi alipomaliza na mama hakuondoka. Alivuta kiti akakaa na mimi uani. Akasema, "Na wewe kaka, unalala?"

Swali la mganga, limevaa sare!

Nikamuuliza kwa nini ananiuliza mimi. Akanijibu ndivyo walivyofundishwa: Shirika la Afya Duniani linapoeleza tiba shufaa ni nini, linamtaja mgonjwa pamoja na familia yake. Kwa hiyo kumbe tumo. Kuna kona moja ya tiba duniani ambako anayeuguza kaandikwa kwenye maelezo ya kazi. Nikajiuliza, inakuwaje mama yangu anayekufa nimekalishwa kitini, mdogo wangu anayeishi, ambaye huenda nikawa naye miaka 30 ijayo, nimeambiwa nisubiri nje?

Ya kusubiri nje si mfano. Sasa hivi mdogo wangu anachomwa sindano kila baada ya wiki nne, ile tunayoiita sindano ya mwezi, na imemfaa. Anasali, anakula na sisi, mwaka huu alinisaidia kunyoosha spoku msimu mzima wa likizo. Ikichelewa wiki mbili tatu, ugonjwa unarudi kwa adabu, unabisha hodi kwanza, na hodi zake nazijua mimi. Ni madirisha. Akianza kufunga dirisha la mashariki mchana, nina kama wiki moja. Akifunga yote, nina siku mbili. Sijui kipimo cha maabara kinachoweza kumwambia daktari hivyo. Nilipojaribu kumweleza daktari mgeni habari za madirisha, aliniambia kwa upole kabisa, "Mzee, tusubiri hapo nje kwanza."

Ombi langu kubwa ndilo hilo, na ni la karatasi moja. Kwenye faili la kila mgonjwa wa akili, na wa saratani, na wa kiharusi, na yule anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki, pawe na ukurasa wa anayemuuguza. Jina, simu, wanaishiaje. Dalili anazozijua yeye za ugonjwa kurudi, kwa maneno yake, hata kama ni madirisha. Na mstari wa mwisho mhudumu aandike kwamba amemweleza dawa hizi ni za nini, zitamletea nini, na akiona nini asizitupe chooni. Dakika kumi. Mtasema wagonjwa ni wengi, foleni ndefu. Miezi yangu saba iliwagharimu nyie kulazwa kwa wiki tatu, polisi, gari na kitanda. Nani kati yetu anapoteza muda?

Najua mgonjwa ana siri zake. Muulizeni mwenyewe. Mdogo wangu akiwa na nafuu atawaambia andikeni, na akikataa isiandikwe. Wapo wagonjwa ambao aliye nyumbani ndiye anayewaumiza. Hao nao mkiuliza mtawajua.

Kuhusu dawa sitaki maneno mengi. Wagonjwa wa akili wamo kwenye orodha ya serikali ya wanaosamehewa gharama. Msamaha wa dawa ambayo haipo haunisaidii. Ikikosekana naambiwa nikanunue, na maduka mengi hayaiweki, maana haiuziki kama panadoli. Ikiwepo iwe karibu: mtu wa Mkinga au Kilindi asifunge safari ya siku nzima kwa sindano ya dakika moja, na mgonjwa ambaye kwenye basi anaogopa kila abiria.

Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na lengo lililotajwa ni watu zaidi ya 137,000 nchi nzima. Wa kwetu mtawafundisha chanjo, lishe, malaria, mama na mtoto, vyema. Ongezeeni siku moja ya mafunzo. Wafundisheni kubisha hodi kwenye nyumba ambayo kijana wake "kasafiri".

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu 1 katika kila 300 duniani anaishi na skizofrenia. Sensa ya 2022 ilituhesabu mkoa mzima watu zaidi ya milioni 2.6. Nimegawanya nyuma ya boksi la tyubu, nikapata karibu 8,700. Wastani wa dunia si hesabu ya Tanga, nakubali. Haya, kateni nusu: bado ni zaidi ya 4,000, na sijagusa sonona, kifafa, wala mzazi anayechanganyikiwa baada ya kujifungua. Kila mmoja nyuma yake ana mama, mke, dada au fundi baiskeli. Siku tukija wote uwanja wa Mkwakwani na mikeka yetu mtatuona.

Hapa wapo watakaosema mikopo ya halmashauri ipo, ile ya asilimia 10 ya mapato yake, tuombe. Nimeisoma. Ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mimi si mwanamke, ujana umenipita, na ulemavu Mungu kaniepusha. Nilipouliza kama kuna fungu la wanaouguza, dada wa dirishani alinitazama kama niliyeuliza bei ya bahari.

Mwaka jana nilipita kwenye banda la kupima afya bure nikakutwa na presha, 178 kwa 112. Kijana wa pale aliniambia nipunguze chumvi na mawazo. Chumvi nimepunguza.

Mdogo wangu nimemsomea barua hii yote kabla ya kuituma, kwa kuwa ni habari zake. Pa kamba amesema pabaki. Pa panga amesema niongeze kwamba lilikuwa butu, na ni kweli lilikuwa butu, tulikuwa tunakatia kuni. Sindano yake inayofuata ni Jumanne. Nimeshapiga simu mara mbili kuuliza kama ipo, nimeambiwa nije tu nione. Nitakuja naye saa moja asubuhi, nitakaa benchi la nje.

Leo madirisha yote yako wazi.

Wenu,
Anayeuguza
Ngamiani, Tanga